Wanauza para kama njugu, lakini juu ya ini wananyamaza

Saa moja ya asubuhi, kando ya barabara, kijana amesimama na karatoni iliyofungwa kwa kamba shingoni. Ndani ya karatoni kuna vidonge vya kila rangi. Vingine viko katika karatasi yake, vingine vimemwagwa katika kisashe cheupe bila jina. Mama mmoja anafika, amebeba mtoto mgongoni na kidumu cha maji mkononi. Amelala vibaya, mgongo unauma, kichwa kinagonga.

"Mama, kamata hizi para," kijana anamwambia. "Tatu asubuhi, tatu mchana, tatu mangaribi. Na hii ya mafua uongeze juu, itakusaidia haraka."

Mama analipa na kuondoka. Kijana hakumwuliza kama amekula, wala kama anakunywa dawa nyingine, wala kama ana kilo 70 au 42. Hata yeye mama hakuuliza kitu, kwa sababu tangu alipokimbia kijiji chake hakuna mtu aliyemwambia kwamba kuna kitu cha kuuliza.

Hesabu yake ni hii. Kidonge cha kawaida cha parasetamoli kina miligramu 500. Tatu mara tatu ni vidonge 9, maana yake miligramu 4,500. Mtu mzima mwenye afya na mwili wa kutosha hapaswi kupita miligramu 4,000 kwa siku, yaani vidonge 8, na hivyo navyo vigawanywe, viwili viwili, kwa masaa yasiyopungua 4 katikati. Sasa ile dawa ya mafua: nyingi kati ya dawa za mafua zina parasetamoli ndani yake, mara nyingi miligramu 500 katika kila kidonge. Akinywa tatu kwa siku, anaongeza miligramu 1,500. Mama huyu atafika miligramu 6,000 kabla ya kulala, na bado ataamini amekunywa dawa mbili tofauti.

Huo ndio ugomvi wa maandishi haya. Parasetamoli si dawa mbaya. Kwa kipimo chake ni dawa nzuri, inashusha homa, inapunguza maumivu, na haiumizi tumbo kama dawa nyingine za maumivu zinavyofanya. Kibaya ni kwamba inauzwa Birere, Kadutu, kwenye njia za kambi na kwenye vibanda vya mitaa kama vile inavyouzwa njugu, na ile habari moja inayopaswa kwenda pamoja nayo inaachwa nyuma. Wanaoiacha nyuma si vijana wa karatoni peke yao. Kijana wa karatoni ndiye mdogo kabisa katika mlolongo huu.

Na habari yenyewe si siri ya jana. Parasetamoli ilitengenezwa mara ya kwanza katika karne ya 19, mwaka 1878, kisha ikasahauliwa. Mwaka 1948, mjini New York, watafiti wawili, Bernard Brodie na Julius Axelrod, walikuwa wanachunguza dawa nyingine ya maumivu, asetanilidi, iliyokuwa inaharibu damu ya watu. Walitaka kujua mwili unaifanyia nini dawa ile baada ya kumezwa. Wakakuta kwamba mwili wenyewe unaigeuza, na sehemu kubwa inakuwa parasetamoli. Ndiyo iliyokuwa inatuliza maumivu. Wakati ule Axelrod hakuwa na udaktari wa chuo kikuu, alikuwa mfanyakazi wa maabara. Mwaka 1970 alipata Tuzo ya Nobel, kwa kazi nyingine. Hayo yasemwe kwa wale wanaopenda kusema kwamba mambo ya dawa ni ya wenye diploma kubwa tu.

Swali lile la Brodie na Axelrod ndilo kila mtu anayeuza dawa angepaswa kulijua: dawa haibaki vile ilivyomezwa. Ini linaipokea, linaipasua, linaibadilisha, linaituma kwenye mkojo. Wakati mwingine kile kinachotoka katika mabadiliko hayo ni kibaya kuliko kile kilichoingia.

Mwaka 1966 madaktari wa Scotland waliandika juu ya wagonjwa ambao ini lao lilikufa baada ya kunywa parasetamoli nyingi. Watu walishangaa, kwa sababu dawa ilikuwa na sifa ya upole. Jibu lilikuja mwaka 1973 kutoka Bethesda, Marekani, katika taasisi za taifa za afya. Jerry Mitchell na wenzake, Brodie akiwa kati yao, waliwapa panya kipimo kikubwa, kisha wakapima ndani ya ini kitu kimoja kinachoitwa glutationi.

Jambo walilolikuta linaweza kuelezwa kwa mama yeyote. Sehemu kubwa ya parasetamoli inafungwa vizuri na ini na kutoka kwenye mkojo bila matata. Lakini sehemu ndogo inageuzwa kuwa sumu kali; wataalamu wanaiita NAPQI. Kwa kipimo cha kawaida sumu hiyo haifiki popote, kwa sababu glutationi inaikamata papo hapo na kuizima. Glutationi ni kama askari wa ini. Kila sumu moja inachukua askari mmoja, na askari aliyechukuliwa harudi. Ini lazima litengeneze mwingine. Dawa ikiwa nyingi kuliko askari, wanaisha. Mitchell na wenzake waliona kwamba glutationi ikishapungua kwa kama asilimia 70, sumu inaanza kushika nyama ya ini yenyewe, na chembe za ini zinakufa.

Sasa hapo ndipo mambo ya panya wa Bethesda yanaingia moja kwa moja ndani ya hema la plastiki. Askari hao wanatengenezwa na nini? Wanatengenezwa na chakula, hasa vile vipande vya protini vyenye salfa ndani yake, vinavyotoka kwenye samaki, mayai, nyama, maharagi. Mtu aliyekula vizuri ana akiba. Mtu anayekula mara moja kwa siku, fufu na sombe bila kitu, akiba yake ni ndogo. Na kama mihogo haikulowekwa vizuri, mwili unatumia salfa ileile kusafisha sumu ya mihogo, kwa hiyo hazina moja inachotwa na mikono miwili.

Mwaka 1994 watafiti wawili wa Pittsburgh, Marekani, Whitcomb na Block, waliandika juu ya wagonjwa ambao ini lao liliharibika kwa parasetamoli. Baadhi yao hawakuwa watu waliotaka kujiua. Walikuwa watu wenye maumivu, waliokunywa kati ya gramu 4 na gramu 10 kwa siku. Katika kundi hilo, jambo lililojitokeza ni kwamba walikuwa hawajala vizuri siku zile. Njaa. Nchini Marekani, katika mji wenye maduka kila kona, njaa ya siku chache za ugonjwa ilitosha kupunguza akiba ya ini.

Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu milioni 7 waliohama makwao ndani ya Kongo. Njaa yao si ya siku chache. Basi ile gramu 4 iliyoandikwa kwenye vitabu kwa ajili ya mtu mwenye mwili wa kutosha, nani anathubutu kumpa mama wa kilo 42 aliyekula jana saa nane? Waganga wanaojua kazi yao wanapunguza kipimo kwa mtu aliyekonda, aliyekosa chakula, au mwenye ini gonjwa. Wanapunguza pia kwa mtu anayekunywa pombe kila siku, kwa sababu pombe inafanya ini litengeneze ile sumu haraka zaidi na inamaliza askari wakati uleule. Mwanaume anayekunywa lutuku jioni na kumeza para nne asubuhi kwa sababu ya kichwa, anafanya kazi hiyo kila siku kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia. Kwenye kibanda kile kile wanamuuzia vyote viwili.

Kuna jambo jingine linalofanya kinini hiki kuwa cha hatari kuliko vingine: ukimya wake. Siku ya kwanza, mtu aliyepita kipimo anaweza kutapika kidogo, au asisikie kitu kabisa. Anaendelea na kazi, anachota maji, anapika. Siku ya pili maumivu yanaanza upande wa kuume, chini ya mbavu. Siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai, damu inatoka kwenye ufizi, mtu anaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Wakati huo ini limeshakufa sehemu kubwa.

Na hapa Kivu, mtu mwenye nguvu akigeuka manjano na kufa katika siku nne, watu hawaulizi alikunywa vidonge vingapi. Wanauliza alikula kwa nani. Neno karuho linatoka mdomoni kabla mwili haujapoa. Kuna bibi wazee waliofukuzwa, waliopigwa, waliochomewa nyumba kwa sababu ya neno hilo. Hakuna anayesema kila macho ya manjano ni para. Virusi vya ini vipo, malaria kali ipo, dawa za kifua kikuu nazo zinaweza kuumiza ini, na mizizi inayopikwa bila kipimo pia ipo. Lakini katika orodha ya maswali ambayo familia inauliza kabla ya kumshika jirani shingo, swali la vidonge halimo. Na wale wenye kujua, wenye blouse nyeupe, wanaliacha lisiwemo.

Halafu kuna sehemu inayopaswa kuwakasirisha watu kuliko zote. Dawa ya kuokoa ini ipo. Mitchell na wenzake walionyesha kwamba kama sumu inamaliza glutationi, basi njia ni kuupa mwili vitu vya kuijenga upya. Mjini Edinburgh, Scotland, daktari Laurie Prescott alilichukua wazo hilo mpaka kitandani mwa mgonjwa. Kwanza alijaribu dawa nyingine iliyowafanya wagonjwa watapike sana, kisha akaja kwenye asetilisisteini, inayopitishwa kwenye mshipa kwa serumu. Mwaka 1979 alitoa hesabu ya wagonjwa 100 waliokunywa parasetamoli kupita kiasi. Waliotibiwa kabla ya masaa 10 kupita walikuwa 62, na aliyeharibika ini vibaya kati yao alikuwa 1 tu. Waliochelewa, kati ya masaa 10 na 24, walikuwa 38. Kati yao, 20 waliharibika.

62 na 1. 38 na 20. Tofauti ni masaa. Ni muda wa mtu kutoka Sake mpaka Goma kama barabara imefungwa, ni muda wa kusubiri asubuhi kwa sababu usiku hakuna anayetembea. Na huu muda unaanza kuhesabiwa pale mtu anapomeza. Hausubiri macho yageuke manjano. Mgonjwa anayesubiri dalili amekwisha kupoteza masaa yake. Ndiyo maana muganga anayejua kwamba mtu amemeza vidonge 20 hapaswi kumwambia "rudi nyumbani, angalia kesho."

Asetilisisteini si mali ya matajiri. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa za lazima, sehemu ya dawa za kuzuia sumu. Daktari mkuu wa kila zone ya afya anaweza kuulizwa swali jepesi: iko chupa ngapi katika hospitali yako ya rufaa? Si katika ripoti. Katika kabati. Na mashine ya kupima kiasi cha parasetamoli katika damu, ambayo madaktari wa Ulaya wanaitegemea kuamua, katika hospitali nyingi za huku haiko. Basi daktari wa huku anabaki na kitu kimoja cha kumsaidia: maneno ya familia. Alikunywa nini, vingapi, saa ngapi. Na familia haiwezi kusema, kwa sababu kisashe hakikuandikwa jina.

Watetezi wa hali hii wana majibu yao, na ni haki kuyasikiliza.

Wanasema: hao wazungu walikuwa wanajiua, huku watu wanatafuta nafuu tu. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi wa Prescott walikuwa wamemeza kwa makusudi. Lakini wale wa gramu 4 mpaka 10 wa Pittsburgh walitafuta nafuu tu, na ini halijui kusoma nia. Tena, nani amesema kwamba katika kambi hakuna msichana anayekata tamaa usiku? Wanaofanya kazi ya kusikiliza waliobakwa na waliopoteza watoto wanajua. Sanduku la vidonge 100 chini ya godoro si kitu cha kuchezea.

Wanasema tena: ukiwatisha watu juu ya para, wataiacha na kurudi kwa vitu vibaya zaidi, na para ndiyo dawa ya pekee ambayo maskini anaweza kununua. Hiyo ina uzito. Mtu asiyekuwa na pesa ya kituo cha afya ana haki ya kupunguza maumivu yake, na hakuna anayeomba para ipigwe marufuku au ipelekwe kwa maaskari waanze kuwasumbua vijana wa karatoni na kujaza mifuko yao. Lakini kati ya kupiga marufuku na kunyamaza kuna nafasi pana sana. Uingereza haikuipiga marufuku. Mwaka 1998 walipunguza tu idadi ya vidonge katika pakiti: 16 katika duka la kawaida, 32 kwa farmasi. Katika miaka 11 iliyofuata vifo vya kujiua kwa parasetamoli vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Karatasi na kisanduku kidogo viliokoa watu. Marekani nayo, mwaka 2011, iliwaambia watengenezaji wa dawa za mchanganyiko zinazoandikwa na daktari wasipitishe miligramu 325 za parasetamoli katika kidonge kimoja, kwa sababu watu walikuwa wanakutana na dawa ileile chini ya majina mawili. Ndilo kosa lile la mama wa kidumu.

Na majina ni vurugu kweli. Doliprane ni parasetamoli. Efferalgan ni parasetamoli. Panadol ni parasetamoli. Tylenol ambayo jamaa wa Marekani wanatuma katika sanduku ni parasetamoli, ila huko wanaiita asetaminofeni. Mtu anaweza kumeza nne hizi kwa siku moja, akajivunia kwamba anatibiwa na nchi tatu.

Juu ya watoto, kunyamaza ni dhambi zaidi. Kipimo cha mtoto kinafuata kilo zake: miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, kila mara, na si zaidi ya mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anapewa miligramu 150 kwa wingi. Nusu ya kidonge cha mtu mzima ni 250. Mama anayekata kidonge katikati kwa kisu akidhani anapunguza, amempa mtoto karibu mara mbili. Robo, 125, ndiyo ingekuwa karibu na ukweli. Kwa dawa ya maji, matata ni kijiko. Chupa inasema mililita 5, yaani kijiko kidogo cha kahawa. Kijiko cha mezani kinabeba kama 15. Nyumba iliyokimbia vita ina kijiko kimoja, na mara nyingi ni kile kikubwa. Kwa hiyo mtoto anapata mara tatu, kila mara, siku tatu mfululizo, na mtoto aliyekonda ndiye mwenye askari wachache.

Wanaojibika ni nani, basi? Wa kwanza ni wenye depo kubwa, wanaoingiza makaratoni kutoka mpakani na kuyapasua kwa jumla bila kuangalia yanakwenda kwa nani. Karatasi ya maelezo ndani ya sanduku imeandikwa Kifaransa au Kiingereza kwa herufi za sisimizi, na sanduku likipasuliwa karatasi inabaki chini, inafungia mandazi. Hakuna kinachomzuia mwenye depo kuchapisha kikaratasi cha mistari mitatu kwa Kiswahili. Anachapisha kalenda ya mwaka mpya yenye picha yake.

Wa pili ni wakaguzi. Mkaguzi akifika kwa farmasi ya mtaa, swali la kwanza ni karatasi za kodi, la pili ni karatasi za kodi. Kama muuzaji anajua kipimo cha mtoto wa kilo 10, hilo halimo katika ukaguzi. Na nchi hii ilikwisha kuona matunda yake. Mwaka 2015, Ituri, vidonge vilivyoandikwa diazepamu vilikutwa na haloperidoli ndani yake. Mamia ya watu walifika hospitalini na shingo na nyuso zilizokazana, na mwanzoni watu walidhani ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Kidonge kinaweza kusema uongo hata kikiwa na jina. Kidonge kisicho na jina hakisemi kabisa.

Mashirika nayo yasijifiche. Foleni kwenye kituo cha kambi ni ndefu, muuguzi mmoja anaona wagonjwa wengi mno, na kila anayesema "mwili wote unauma" anaondoka na kisashe cha para. Kazi ni ngumu, hilo halibishaniwi. Lakini kuchora jua, jua la kati na mwezi juu ya kisashe, na idadi ya vidonge pembeni, inachukua kalamu na nusu dakika. Vituo vingine vinafanya hivyo. Vingine vinasema wino umekwisha.

Redio pia, bila kuzionea haya. Kuna redio za jamii zinazopiga matangazo ya waganga wanaosafisha ini, damu, figo na mapepo kwa chupa moja, mara sita kwa siku, kwa sababu tangazo linalipa mafuta ya jenereta. Dakika moja ya kusema "vidonge nane ndiyo mwisho wa mtu mzima mwenye afya, aliyekonda chini ya hapo, mtoto kwa kilo zake" haipati mlipaji, kwa hiyo haipati dakika. Mwandishi anayesoma tangazo la chupa kisha anasoma habari ya kifo cha manjano katika taarifa ileile, bila kushtuka, naye yumo katika mlolongo.

Kuna jambo dogo linalouma zaidi. Kila mama mwenye mtoto chini ya miaka mitano amekwisha kupanga mstari wa mizani. Mtoto amefungwa, amelia, amepimwa, na kilo zake zimeandikwa kwenye fishi ambayo mama anaihifadhi ndani ya plastiki pamoja na kadi ya kura. Namba yote inayohitajika kwa kipimo sahihi iko tayari katika kitambaa chake, imeandikwa na serikali yenyewe. Yule wa karatoni haiombi. Muuza farmasi haiombi. Mara nyingine hata wa kituo haangalii tena, anakadiria kwa jicho.

Basi maswali yanawekwa wazi kwa madaktari wakuu wa zone na kwa mkaguzi wa jimbo. Asetilisisteini iko wapi, chupa ngapi, na nani ana ufunguo usiku? Wauzaji wangapi wamefundishwa kipimo cha mtoto mwaka huu? Kisashe bila jina kitaruhusiwa mpaka lini? Wanaweza kujibu kwa redio yoyote ya jamii wanayoitaka, kwa Kiswahili, na wawe na namba mkononi. Wahami wana redio ndogo za betri, na jioni wanakaa wanasikiliza.